Kompyuta Iliyouzwa Kabla Haijakamilika

Sinclair QL
Sinclair Research, Cambridge, Uingereza, 1984

Tarehe 12 Januari 1984, Clive Sinclair aliitangaza kompyuta hii jijini London kwa bei ya pauni 399. Wapenzi wa kompyuta walichangamka. ZX Spectrum, iliyoitangulia, iliishia kilobaiti 48 za kumbukumbu. QL iliahidi 128, prosesa ya Motorola 68008, na programu nne za kampuni ya Psion za kuandika, kupiga hesabu, kutunza taarifa na kuchora grafu.

Wanunuzi waliagiza kwa posta na kulipa kabisa, wakiahidiwa mzigo ndani ya siku 28. Siku hizo zikaisha, zikageuka miezi. Mashine ilikuwa imetangazwa kabla wahandisi hawajaimaliza.

Tazama nyuma ya mashine
Programu ya mfumo ilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa kwenye chipu. Ndiyo maana QL za kwanza zilitoka na sehemu ya programu hiyo ndani ya kisanduku kilichochomekwa hapa.

Upande wa kulia
Matundu mawili ya Microdrive yalipokea vikasha vya kanda nyembamba. Mfumo huo ulikuwa nafuu kuliko viendeshi vya diski, lakini ulisumbua mara kwa mara.

Utengenezaji ulisimama mwaka 1985. Mwaka uliofuata kampuni ya Amstrad ilinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair kwa pauni milioni 5. Hata hivyo QL ilipata wafuasi waaminifu, akiwemo kijana wa Helsinki, Linus Torvalds, aliyeanzisha mfumo endeshi wa Linux mwaka 1991.