Vitabu vya Samuel Bowles: kupima tabia ya watu kwa feza ya kweli

Samuel Bowles ni mwanauchumi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1939. Vitabu vyake vinazunguka swali ambalo kila mtu aliyewahi kuingia likelemba analijua: kwa nini mtu anatoa feza yake kwa ajili ya wengine, wakati angeweza kuificha? Wanauchumi wengi wa zamani walihesabu kama vile kila mtu anatafuta faida yake peke yake. Bowles na wenzake wanapima jambo hilo kwa feza ya kweli mikononi mwa watu. Njia hiyo inaitwa uchumi wa majaribio. Vernon Smith, mmoja wa walioianzisha, alipewa tuzo la Nobel mwaka 2002.

Mchezo unaojulikana zaidi ni huu. Watu wawili hawajuane. Wa kwanza anapewa feza, tuseme franka 10 000, agawe na mwenzake. Mwenzake akikubali fungu lake, kila mtu anaenda na yake. Akikataa, wote wawili wanarudi mikono mitupu. Kama watu wangetazama faida tu, wa kwanza angetoa franka 500 na wa pili angepokea, juu 500 ni bora kuliko bure. Lakini haiendi hivyo. Katika sehemu nyingi watu wanakataa fungu dogo, kwani wanaona wamedharauliwa.

Mwaka 2004 Bowles, pamoja na Joseph Henrich, Robert Boyd, Colin Camerer, Ernst Fehr na Herbert Gintis, walitoa kitabu Foundations of Human Sociality. Kinaeleza michezo hiyo ilivyochezwa katika jamii ndogo 15. Kati yao kuna Wahadza na Wasangu wa Tanzania, na Waorma, wafugaji wa upande wa mto Tana nchini Kenya. Waorma walitoa wastani wa 44 kwa mia, Wahadza 33, Wamachiguenga wa Peru 26. Wawindaji wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walifika 58, maana yake kumpa mwenzako kuliko unachobakiza.

Waandishi waliona kwamba pale watu wanapozoea kazi ya pamoja, na pale wanapozoea soko, wanatoa zaidi. Hiyo ya soko inashangaza, kwani wengi wanafikiri biashara inafanya mtu kuwa mchoyo. Kumbe kwa Waorma, wenye biashara au mshahara walitoa kuliko wale wanaoishi kwa mifugo tu. Na walipoletewa mchezo mwingine, wa kuweka feza katika sanduku la wote, Waorma waliuita mara moja mchezo wa harambee. Huku Kalemie pengine ungeitwa salongo.

Katika The Moral Economy (2016), Bowles anarudia kisa cha shule za watoto wadogo huko Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuchukua watoto, basi shule zikaweka amande. Waliochelewa wakaongezeka karibu mara mbili! Mbele walikuwa wanaona haya mbele ya mwalimu. Sasa waliona wamelipa, basi. Amande ilipoondolewa, haya haikurudi.

Katika Tanganyika yenyewe, jaribio kubwa la aina hii lilifanywa na watafiti wengine. Mradi Tuungane, wa shirika IRC kwa feza ya serikali ya Uingereza, ulianza mwaka 2007 katika Kivu ya Kusini, Maniema na Katanga, pamoja na Tanganyika iliyokuwa bado distrikti ya Katanga. Vijiji vilichaguliwa kwa kura ya bahati mbele ya watu. Vilivyoingia vilichagua komite, vikafundishwa kusimamia feza na kutoa hesabu, na vikajenga.

Kisha watafiti watatu wa chuo kikuu cha Columbia, Macartan Humphreys, Raul Sanchez de la Sierra na Peter van der Windt, walipeleka dola 1 000 kwa kila kijiji katika vijiji 560, vilivyopita Tuungane na visivyopita, bila masharti mengi. Wakatazama nani anaamua, nani anashika feza, nani anakula. Ripoti yao ya 2012 haikuona tofauti kubwa kati ya vikundi hivyo viwili.

Jibu hilo lasomwe polepole. Halisemi kwamba majengo hayakujengwa, wala kwamba wanakijiji hawawezi kushika feza. Linasema mafunzo ya komite hayakubadilisha namna walivyoshika feza iliyofuata.

Kulikuwa na jaribio lingine ndani ya hilo. Katika nusu ya sehemu, komite zililazimishwa kuwa na hesabu sawa ya wanaume na akina mama. Katika nusu nyingine, wakaaji waliachiwa wachague wenyewe. Pale penye sheria, akina mama wengi zaidi waliingia katika komite. Maoni ya wanakijiji juu ya uongozi wa akina mama yalibaki yaleyale.