Mwali

Kamusi ina mwali wa aina mbili. Yule wa wali, msichana wa unyago, huwekwa ndani. Huu wa miali, yaani wa mwanga, hutembea wazi. Ndio huu Alexander Graham Bell alioubebesha sauti mwaka 1880 huko Washington, umbali wa zaidi ya mita 200 hewani, kwa kioo chembamba kilichotetemeshwa na maneno. Kazi ya kioo hicho yaweza kufanywa na fuwele kioevu, ile ile ya uso wa kikokotoo: ikipata umeme, molekuli hujipanga upya, mwanga ukapita au ukazuiwa. Ni pazia, ila pazia zito. Huhesabu milisekunde, ilhali leza hupepesa mara mabilioni kwa sekunde. Wapo wanaouita mwanga huo “mionzi”. Mimi neno hilo lanikumbusha chumba cha eksirei.