Mnana wa Ukutani

Kila asubuhi humwaga makombo ya ugali na punje za mtama kwenye sufuria kuukuu iliyo juu ya ukuta, nyuma ya nyumba yetu hapa Nairobi. Shomoro nawajua. Lakini siku moja wakatua wageni wawili, wadogo, tumbo la manjano, mgongo mweusi tii, na macho ya manjano yanayokukazia kama askari wa getini. Mmoja alikuwa na paji la manjano. Mwingine kichwa chote cheusi. Nikaandika daftarini: aina mbili.

Nikamwita nyanya atazame.

"Hao ni mnana," akasema.

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Huyo mume, yule mke. Wewe huoni wanavyofuatana?"

Sikumwamini. Ati mimi msomi! Nikaenda kutafuta vitabu. Kumbe nyanya alikuwa sahihi: dume ndiye mwenye paji la manjano. Ila vitabu vya Kiingereza vilimwita ndege huyo kwa jina la Mjerumani, Reichenow.

Reichenow ni nani, na alifikaje kwenye ukuta wetu? Anton Reichenow alikuwa mtaalamu wa ndege katika jumba la makumbusho la Berlin. Aliyemtunuku jina hilo mwaka 1884 ni Gustav Fischer, daktari aliyefika Unguja mwaka 1876, kisha mwaka 1882 na 1883 akasafiri na msafara kutoka Pangani hadi Naivasha. Siku hizo kumtambua ndege kulianza na bunduki. Unampiga, unamchuna, unamjaza pamba, unamfunga kikaratasi mguuni, halafu anapanda meli kwenda Ulaya kupewa jina.

Darubini ilibadilisha mambo polepole. Mwaka 1934 Mmarekani Roger Tory Peterson alitoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kutazama alama chache tu: paji, jicho, mkia. Huku kwetu John G. Williams, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, akatoa cha Afrika Mashariki mwaka 1963. Ndege sasa angeweza kutambuliwa na bado akaruka zake.

Lakini lililonigusa ni jambo jingine. Leo wataalamu humhesabu mnana huyu kuwa tawi la ndege aitwaye baglafecht. Hilo si jina la Mzungu. Lilitoka Uhabeshi, likaandikwa vitabuni Ufaransa katika karne ya 18, na mpaka leo dunia nzima inalitumia. Kuna Mhabeshi aliyelitamka, na kuna mtu aliyekuwa na kalamu karibu.

Basi ndugu zangu, sisi tunaojiita waandishi, kalamu zetu ziko wapi? Tunaandika mashairi yenye "ndege mdogo akaimba", tunajiona tumemaliza kazi. Ndege gani? Nyanya ana majina ambayo sijayakuta katika kitabu chochote nilichosoma, na mimi nilikuwa karibu kumsahihisha.

Jioni ile nilifungua daftari, nikafuta "aina mbili". Nikaandika: mnana, mume na mke; amesema nyanya. Kisha nikaburuta kigoda hadi jikoni alikokuwa akichambua mboga, nikamwuliza yule mdogo mwekundu anaitwaje.