Reli ya karanga Kusini: Historia inayosubiri watunzaji

BONDE la Mto Lukuledi, mto unaomwaga maji yake katika Ghuba ya Lindi, liliwahi kupitiwa na garimoshi. Leo msafiri wa Masasi, Nachingwea au Newala hutegemea barabara peke yake.

Reli hiyo ilizaliwa na Mradi wa Karanga ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947, nchi hiyo ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Lengo la awali lilikuwa kulima ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Njia ilianzia Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, reli iliunganishwa nayo, na baadaye tawi likafika Masasi.

Ajabu ni kwamba bandari ilifunguliwa wakati mradi wenyewe umekwisha kufutwa, Januari 1951, baada ya kutafuna pauni milioni 36 hivi. Reli ikabaki bila mzigo wa kuitosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vyake viking'olewa.

Kwingineko, reli za namna hii zimeokolewa na vyama vya wapenzi wa reli. Mfano unaotajwa zaidi ni Talyllyn, huko Wales. Wananchi waliunda chama mwaka 1950 na mwaka uliofuata wakaanza kuiendesha reli hiyo kwa kujitolea, ikawa ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo. Vyama vya aina hii huishi kwa ada za wanachama, michango na nauli za watalii, na mafundi wastaafu huwafundisha vijana kazi ya mvuke.

Kwa Afrika Mashariki, hazina kubwa iko Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo zimehifadhiwa injini mbili za daraja la 59 zilizotengenezwa Manchester na Beyer Peacock, kati ya 34 zilizoletwa miaka ya 1950. Zote mbili zina majina ya milima ya Tanzania: Gelai na Shengena.

Kusini hakuna injini ya kupigwa rangi. Kilichopo ni masalia ya njia, picha, hati na kumbukumbu za watu, na hizo za mwisho ndizo zinazotoweka upesi. Kibarua aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 amekwisha kufikia umri wa miaka 90.

Sheria nayo haitoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye huhitaji tangazo la Waziri. Mtu mmoja akiandika barua kuomba tangazo hilo, huenda ikaishia kwenye jalada. Chama kilichosajiliwa kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani, chenye ramani na ushahidi wa wazee mkononi, ni vigumu zaidi kukipuuza.

Muda nao ni mfupi. Umekuwapo kwa miaka mingi mpango wa kujenga reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, na matingatinga yakishaingia kazini hayatauliza tuta lipi ni la mwaka 1949.