Naibu wa Askofu, Naibu wa Gavana

Mtu akifariki Louisville, Columbus au Buffalo, miji iliyopokea familia nyingi za Wakongo na Wasomali, mahakama haianzi kwa kuuliza nani apate nini. Huuliza kwanza nani aruhusiwe kusema kwa niaba ya marehemu. Msimamizi wa mirathi akishapewa hati, ndipo anapokusanya mali, kuiorodhesha na kulipa madeni. Warithi hugawana kinachobaki. Swali hilo la nani aseme lina umri mkubwa. Uingereza, hadi 1857, kuthibitisha wosia ilikuwa hasa kazi ya mahakama za kanisa, chini ya askofu. Koloni la New York halikuwa na askofu, kazi ikamwangukia gavana, naye akateua manaibu. Sheria ya 1787 ikataka kila kaunti iwe na wake. Ndiyo maana mahakama ya mirathi ya Buffalo hadi leo ina jina lenye maana ya naibu. Ohio iliunda mahakama yake kwa Katiba ya 1851. Kentucky iliiacha kazi mikononi mwa mahakama za kaunti mpaka mageuzi ya katiba ya 1975.

Historia hii inavunja dhana kwamba ipo "sheria ya Marekani" moja, na kwamba haiujui ukoo. Pasipo wosia, mjane wa Columbus hurithi vyote ikiwa watoto wote wa marehemu ni wa wao wawili. Wa Buffalo mwenye watoto hupata dola 50,000 na nusu ya kinachobaki. Kentucky, iliyojitenga na Virginia 1792 ikiwa imebeba sheria za Kiingereza, kwa vizazi vingi iliwataja watoto, kisha wazazi na ndugu, kabla ya mke au mume. Kilichomkinga mjane ni haki ya zamani iliyomtengea fungu lake kabla ya wengine kugawana. Anayedhani wazazi na ndugu ni warithi kwetu tu, aisome orodha hiyo.

Wapo watakaojibu kwamba kutajwa si kupewa kauli, na kwamba muhtasari wa kikao cha ukoo hauwezi kuifunga mahakama ya Louisville. Ni kweli. Lakini hata Kongo, Kanuni ya Familia ya 1987 iliwapa watoto robo tatu ya urithi, ukoo upende usipende, na ikataka ndoa ya kimila iandikishwe. Hoja nzito zaidi ni ya cheti cha ndoa. New York ilifunga mlango wa ndoa mpya za makubaliano tu, bila sherehe wala leseni, 1933, Ohio 1991. Ndoa iliyo halali kule ilikofungwa kwa kawaida hutambuliwa, lakini lazima ithibitishwe. Mwanamke aliyetolewa mahari Bukavu, akaikimbia vita bila karatasi, hubebeshwa mzigo huo akiwa bado na msiba, huku mashahidi wake wametawanyika kambini na ng'ambo.