Mkutano wa mwaka wa wafamasia wa Marekani

Kila mwaka, kati ya mwezi Machi na Aprili, maelfu ya wafamasia, wahadhiri na wanafunzi wa famasia hukusanyika kwa siku kadhaa katika mji mmoja wa Marekani. Ni mkutano mkuu wa Chama cha Wafamasia cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi kama APhA, ambacho ndicho chama cha kitaifa kikongwe kuliko vyote vya taaluma hiyo nchini humo.

Mji wa mkutano hubadilika. Mwaka 2022 wajumbe walikutana San Antonio, 2023 Phoenix, 2024 Orlando na 2025 Nashville.

Mgeni anayeingia ukumbini kwa mara ya kwanza huona kwanza mabanda ya maonyesho, ambako makampuni hunadi bidhaa na mitambo mipya. Lakini katika kumbi za ndani huwa kuna shughuli nyingine, nayo ndiyo iliyoupa mkutano huo uzito wake kwa zaidi ya miaka 170: wenye taaluma kujadiliana na kupiga kura juu ya lipi mfamasia alifanye, na lipi asilifanye hata kama sheria inamruhusu.

Chimbuko lake: dawa zilizoghushiwa

Katikati ya karne ya 19 Marekani ilikuwa ikiagiza sehemu kubwa ya dawa zake kutoka Ulaya. Wakaguzi wa forodha waligundua kwamba dawa nyingi zilizoshushwa katika bandari ya New York zilikuwa zimechanganywa na vitu visivyo na nguvu yoyote, au zilikuwa zimekwisha kuharibika. Miongoni mwao ilikuwamo kwinini, dawa iliyotegemewa na wagonjwa wa malaria.

Mwezi Juni mwaka 1848 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyotaka dawa zote zinazotoka nje zikaguliwe katika bandari sita: New York, Boston, Philadelphia, Baltimore, Charleston na New Orleans. Sheria ilikuwa nzuri, lakini utekelezaji wake ulilegalega. Baadhi ya wakaguzi walipewa kazi kwa sababu za kisiasa bila kuwa na ujuzi wa dawa, na viwango vya kupimia ubora vilitofautiana kutoka bandari moja hadi nyingine.

Vyuo vya famasia vilikutana New York mwaka 1851 kuzungumzia kasoro hizo. Ikakubaliwa kwamba suala hilo lilihitaji mkutano wa taifa zima. Tarehe 6 hadi 8 Oktoba mwaka 1852, wajumbe 20 walikutana katika Chuo cha Famasia cha Philadelphia na kuunda chama. Daniel B. Smith alichaguliwa kuwa rais wa kwanza, naye William Procter, ambaye baadaye aliitwa baba wa famasia ya Marekani, akawa miongoni mwa viongozi waliokijenga chama hicho tangu mwanzo.

Katika kikao hicho hicho wajumbe walipitisha kanuni za maadili. Zililaani uchanganyaji wa dawa kwa hila, uuzaji wa dawa ambazo viambato vyake vimefanywa siri, na mtindo wa mwenye duka la dawa kumgawia daktari sehemu ya faida ili amletee wagonjwa.

Tangu wakati huo mkutano umefanyika karibu kila mwaka. Mwaka 1861 haukufanyika kutokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ule wa mwaka 2020, uliopangwa kufanyika National Harbor karibu na Washington, ulifutwa kwa sababu ya janga la virusi vya corona.

Baraza la Wajumbe

Chombo kinachopitisha sera za chama ni Baraza la Wajumbe, lililoanzishwa mwaka 1912. Wajumbe wake hutoka katika vyama vya wafamasia vya majimbo, vitengo vya chama chenyewe, wanafunzi, na wafamasia wanaotumikia serikali ya shirikisho, wakiwamo wa majeshi. Huongozwa na spika.

Utaratibu wake unafanana na wa bunge. Hoja hutangulia kupelekwa katika kamati. Kamati hufungua mlango ili mwanachama yeyote aje aunge mkono au apinge. Baada ya hapo maneno ya hoja hurekebishwa na kurejeshwa barazani kwa kura.

Azimio likipita halina nguvu ya sheria. Leseni ya mfamasia wa Marekani hutolewa na bodi ya famasi ya jimbo lake, na bodi hiyo ndiyo yenye uwezo wa kumfutia. Hata hivyo, azimio la chama hutumika mbele ya wabunge na mahakimu kama ushahidi wa msimamo wa taaluma, na humpa mfamasia mmoja mmoja mahali pa kuegemea anapotakiwa kufanya jambo asiloridhia.

Kura ya San Diego

Mfano unaokumbukwa zaidi katika miaka ya karibuni ni ule wa tarehe 30 Machi mwaka 2015, mkutano ulipofanyika San Diego.

Mwaka 2011 kampuni ya Hospira ilitangaza kuacha kutengeneza thiopental, dawa ya usingizi iliyokuwa ikitumiwa na magereza ya Marekani katika kutekeleza adhabu ya kifo kwa sindano. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulibana uuzaji nje wa dawa za aina hiyo. Baada ya milango hiyo kufungwa, baadhi ya majimbo yaligeukia famasi zinazotengeneza dawa kwa mahitaji ya mgonjwa mmoja mmoja, zikatakiwa sasa kutengeneza dawa za kumwua mfungwa.

Swali lililowafikia wajumbe halikuwa iwapo adhabu ya kifo ni halali. Lilihusu nafasi ya mfamasia: je, mtu aliyefunzwa kulinda uhai kwa dawa anaweza kuitoa dawa hiyo hiyo akijua kwamba lengo lake ni kuua? Baraza liliamua kwamba chama hakipendelei wafamasia washiriki katika kutekeleza adhabu hiyo, kwa sababu kufanya hivyo kunapingana na wajibu wao kama watoa huduma za afya.

Azimio hilo halikuzuia adhabu ya kifo, wala halikumwadhibu mfamasia yeyote. Hata hivyo, tangu siku hiyo mfamasia anayekataa agizo la gereza anaweza kusema kwamba msimamo wake si wa peke yake.

Tumbaku na chanjo

Si kila azimio hutiiwa na wafanyabiashara. Mwaka 2010 baraza lilizitaka famasi ziache kuuza bidhaa za tumbaku, kwa hoja kwamba duka haliwezi kuuza ugonjwa kwenye kaunta moja na tiba kwenye kaunta nyingine. Kampuni kubwa ya CVS iliondoa sigara madukani mwake mwaka 2014, lakini makampuni mengine makubwa yaliendelea kuziuza.

Katika chanjo mambo yalikwenda vizuri zaidi. Mwaka 1996 chama kilianzisha mafunzo ya kuwawezesha wafamasia kudunga chanjo, kazi ambayo hapo kabla ilionekana kuwa ya madaktari na wauguzi pekee. Jimbo baada ya jimbo lilibadili sheria zake, na kufikia mwaka 2009 majimbo yote 50 yaliwaruhusu wafamasia kuchanja. Janga la corona lilipoingia na chanjo zikapatikana, famasi za mitaani zikawa miongoni mwa vituo vilivyotegemewa sana na wananchi.

Medali na mashindano

Mkutano pia ni mahali pa kutoa heshima. Tuzo ya juu kabisa ni Medali ya Remington, iliyoanzishwa mwaka 1918 kwa kumbukumbu ya mwalimu wa famasia Joseph P. Remington. Aliyeipokea kwanza, mwaka 1919, ni James Hartley Beal. Ilichukua karibu miaka 70 kabla ya mwanamke kuipata: Gloria Niemeyer Francke, mwaka 1987. Kabla yake, mwaka 1979, Mary Munson Runge alikuwa amechaguliwa kuwa rais wa chama, akiwa mwanamke wa kwanza na Mmarekani mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo.

Wanafunzi nao wana mashindano yao, ambayo fainali yake hufanyika mkutanoni. Mshindani hupewa cheti cha daktari na kukutanishwa na mtu anayeigiza mgonjwa. Hupimwa jinsi anavyomsikiliza, anavyomweleza namna ya kutumia dawa, na anavyotambua kile ambacho mgonjwa hakukisema.

Madai ya sasa

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mkutanoni ni uzito wa kazi. Mwezi Septemba mwaka 2023 wafamasia wa CVS katika eneo la Kansas City waligoma kuingia kazini, na mwezi uliofuata baadhi ya wenzao wa Walgreens wakafanya vivyo hivyo. Walisema wamepangiwa cheti baada ya cheti na chanjo baada ya chanjo, huku wasaidizi wakiwa wachache mno, na kwamba hali hiyo inahatarisha wagonjwa. Chama kiliwahi kutangaza mwaka 2021, pamoja na muungano wa vyama vya majimbo, waraka unaotaja wajibu na haki za msingi za mfamasia kazini.

Dai la pili ni malipo. Kwa miaka mingi chama kimelitaka Bunge liwatambue wafamasia kuwa watoa huduma chini ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ili walipwe kwa ushauri wanaoutoa na si kwa dawa wanazouza tu. Dai la tatu linawahusu madalali wanaosimama kati ya bima na famasi, ambao wenye maduka madogo wanasema malipo yao hayatoshi hata kurudisha bei ya kununulia dawa.

Afrika Mashariki

Tatizo lililowakutanisha wajumbe 20 mwaka 1852 halijaisha duniani. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa dawa moja kati ya kila 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni bandia au haikidhi viwango. Tanzania ilichukua njia yake yenyewe mwaka 2003, ilipoanzisha mkoani Ruvuma maduka ya dawa muhimu, ambayo wauzaji wake hupewa mafunzo na kukaguliwa, ili yachukue nafasi ya maduka ya dawa baridi. Mpango huo baadaye ulienezwa katika mikoa mingine.

Kwa mfamasia wa Afrika Mashariki anayehamia Marekani, mkutano wa APhA ni nafasi ya kujuana na wenzake, lakini haumpi leseni. Kwanza hana budi kuhakikiwa vyeti vyake, kufaulu mtihani wa ulinganifu uitwao FPGEE pamoja na mtihani wa Kiingereza, kutimiza saa za mafunzo kazini, na hatimaye kufanya mitihani ya leseni ya jimbo anakoishi. Waliohitimu tangu mwaka 2003 hutakiwa wawe wamesoma famasia kwa mtaala wa miaka 5. Sharti hilo huwakwamisha waliosoma shahada za miaka 4, na wengi huligundua wakiwa wamekwisha kuvuka bahari. Ni vyema likaulizwa kabla ya safari.