Sanamu ya Uwanjani ni ya Nani?

Uwanja wa umma ni mali ya wananchi wote. Kwa hiyo kila sanamu inayosimamishwa hapo ni tamko la kisiasa, hata kama fundi hakukusudia hivyo. Tukitaka kujua ni nani aliyeutawala mji katika kipindi fulani, tuulize maswali matatu: nani amewekwa juu, nani amewekwa chini, na nani hakuwekwa kabisa?

Wakoloni walilielewa jambo hili mapema. Mjini Dar es Salaam Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, aliyeuzima kwa silaha upinzani wa Abushiri huko pwani. Yeye alikuwa juu. Chini yake askari Mwafrika akimtazama kwa kicho. Waingereza waliiondoa sanamu hiyo, na mwaka 1927 wakaweka ile ya Askari. Safari hii Mwafrika alipanda juu, lakini akiwa amevaa sare za mtawala na kushika bunduki ya mtawala. Ile ya Wissmann ilipelekwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1967 na tena mwaka 1968.

Songea mpangilio huo uligeuzwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji 67 wa Maji Maji, na kuwazika wengi wao katika kaburi moja. Mahali hapo, Mahenge, leo pana makumbusho na sanamu za viongozi wa Wangoni, akiwemo Nduna Songea Mbano. Walionyongwa kama wahalifu wameinuliwa kuwa mashujaa, tena palepale walipolala. Ndiyo maana mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipotaka kuomba msamaha, ilimbidi afike Songea.

Hata hivyo, swali la tatu bado linatudai jibu. Vita vya 1905 hadi 1907 havikuua kwa risasi na kamba tu. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000. Wengi wao hawakuwa manduna. Walikuwa wakulima, akina mama na watoto, na kwa kawaida sanamu za mashujaa haziwaonyeshi.

Hapa ndipo penye kazi ya kada wa kijijini. Tuchukue kijiji kama Mbesa, katika mkoa huohuo wa Ruvuma. Kikitaka kuweka kumbukumbu uwanjani, kisianze na fundi. Kianze na mkutano wa wanakijiji. Wazee waulizwe nini kilitokea na wapi. Ghala lililoungua au jembe vinaweza kueleza zaidi ya mkuki. Maandishi yawe ya Kiswahili, kwenye kimo cha macho ya mtoto wa shule.

Umbo tunalo tayari. Wachongaji wa Kimakonde wanao mtindo uitwao ujamaa: watu wengi wamebebana kuizunguka nguzo moja, kila mmoja akimshikilia mwenzake. Mpingo hupasuka juani, lakini umbo hilo laweza kujengwa kwa zege.

Ndugu, kumbukumbu iliyoletwa na gari kutoka mjini italindwa na mlinzi. Ile waliyoiamua wanakijiji wenyewe italindwa na kijiji.